Valvu Mpya, Nyumba Ileile: Niliyojifunza Nikiuguzwa

Watu wakisikia kwamba nimebadilishiwa valvu ya moyo, swali la kwanza huwa: "Ilikuwaje, Mwalimu?" Jibu langu huwakatisha tamaa. Sijui ilikuwaje, nilikuwa nimelala. Kwa saa kadhaa mashine ilinipumulia na kunisukumia damu, na mimi niliyefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu sikuambulia kuona hata dakika moja ya jaribio kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika mbele yangu. Au tuseme ndani yangu.

Ninachokijua ni kilichofuata: miezi ya kuogeshwa, kulishwa, kusindikizwa chooni, kugombana na kupatana. Daktari alimaliza sehemu yake siku moja. Iliyobaki waliachiwa mke wangu, watoto, mkwe, mpwa wangu dereva wa bodaboda, na nyumba moja ya Kimara yenye vyumba vitatu. Waliniponya. Kuna siku pia nusura waniue kwa mapenzi, na siku nyingi zaidi kikwazo nilikuwa mimi mwenyewe. Naandika kwa ajili yako unayejiandaa kuingia huko, au unayempeleka mzazi au mwenzi wako. Najua una mipango: kuna nyumba haijaezekwa, kuna biashara, kuna mtoto hajamaliza chuo. Nataka uifikie.

1. Mlima ukianza kukushinda, sema siku hiyohiyo

Kwetu ni Usangi, milimani Upare, na mtu wa Usangi haulizwi kama anaweza kupanda. Siku tuliyomzika baba yangu mdogo nilipanda njia niliyoipanda tangu utoto, nikaona pumzi inakwisha kabla sijafika kona ya kwanza. Sikumwambia mtu. Nilibuni mbinu: kila nilipozidiwa nilisimama kumsalimia mtu. Nilisalimia kila niliyekutana naye, nikauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, na nikangoja majibu yote. Jioni shangazi yangu aliwaambia watu kwamba ualimu umenitia adabu.

Niliendelea na adabu hiyo kwa zaidi ya mwaka. Usiku nililalia mito mitatu, nikasingizia mgongo. Mama Neema, mke wangu, alikuwa ameshaihesabu ile mito akanyamaza, akisubiri niseme. Usiku aliponikuta nimekaa wima kitandani nahema kama niliyekimbizwa, hakusubiri tena. Hospitali, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, imekakamaa: haifunguki sawasawa wala haifungi sawasawa.

Daktari aliniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba, leo goti, kesho kiwiko. Niliwahi. Nyumbani walisema ni baridi ya mlimani. Kumbe ilikuwa homa ya rumatiki. Bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuufanya mwili ushambulie viungo na moyo wake wenyewe. Magoti hupona, lakini valvu hubaki na makovu, na makovu hayo huzidi kukaza kadiri miaka inavyokwenda. Nilikuwa na miaka 54. Ugonjwa nilioudanganya kwa salamu ulikuwa umekaa ndani yangu tangu darasa la tatu.

Ukihema kwenye ngazi ulizozizoea, ukiongeza mto, miguu ikivimba jioni, mwambie anayelala karibu nawe. Huenda anajua tayari, na anaogopa kukuvunjia heshima.

2. Valvu ichaguliwe na wote watakaoishi nayo

Tulielezwa kwamba ziko aina mbili. Ya kwanza ni ya kutengenezwa kiwandani kwa kaboni ngumu. Hiyo inaweza kudumu miongo mingi, ila inadai umeze dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote. Ya pili ni ya tishu ya ng'ombe au nguruwe. Kwa kawaida haidai dawa hiyo ya kudumu, lakini huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa mtu mwenye umri mdogo huwahi zaidi. Wako wanaokwazwa na habari ya nguruwe kwa ajili ya dini yao. Swali hilo ni halali, waliulize mapema, kwa sababu za ng'ombe zipo.

Mimi nilitaka kuamua peke yangu, papo hapo, kwa kuwa pampu ya maji nimeichora ubaoni maisha yangu yote: kilango kimoja kinafunguka kingine kikijifunga, ndiyo maana maji hayarudi kisimani. Moyo nao ni huohuo mchoro. Nikaanza kumsimulia daktari, kana kwamba yeye hajui, jinsi mwaka 1960 kule Portland, Oregon, daktari mpasuaji Albert Starr na mhandisi mstaafu Lowell Edwards walivyoweka valvu yao ya mitrali, mpira mdogo ndani ya kizimba. Nikamweleza kwamba Edwards alikuwa mtu wa pampu na awali alitaka kutengeneza moyo mzima, mpaka Starr alipomshauri waanze na valvu moja kwanza. Daktari alisikiliza kwa subira ya mtu anayelipwa kwa saa.

Mama Neema, akiifikiria Same tunakoishi, akauliza swali lake moja: "Hiyo dawa ya maisha yote, Same inapatikana? Na damu yake atapimiwa wapi?"

Kwa swali hilo mazungumzo yakaanza upya. Tukajua kwamba miezi ya kwanza itabidi tukae Dar es Salaam, Kimara kwa binti yetu Neema, karibu na kliniki. Kabla ya mwaka 2008, upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulipoanza Muhimbili, mtu wa hali yangu kwa kawaida alisubiri rufaa ya India. Sasa ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete palepale Muhimbili, na kwetu sisi wa mikoani jambo gumu limebaki kuwa umbali. Mwanamke anayetarajia kuzaa ana la ziada la kuuliza, maana dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mtani wangu Mchaga, mwenye duka jirani na kwangu Same, sote tunamwita Mangi, alipigiwa simu kuarifiwa. Akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Msimwekee Mpare valvu ya ng'ombe! Ataiuza afungulie kesi ya kuku." Nikawekewa ya kaboni.

3. Mchango usiishie mlango wa chumba cha upasuaji

Kuchanga tunakujua. Mdogo wangu aliunda kundi la WhatsApp, akateua mweka hazina, akapokea ahadi, akawakumbusha wadaiwa kila Jumapili kama kamati ya harusi. Bima ililipa sehemu yake na ndugu wakaziba pengo. Siku niliyotoka salama kundi lilijaa shangwe, mweka hazina akasoma mapato na matumizi, mwenyekiti akashukuru, kamati ikavunjwa.

Kumbe gharama ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Nauli za kwenda kliniki na kurudi, na siyo kwa mabasi ya mwendokasi, kwa sababu mtu aliyepasuliwa kifua hasimami katikati ya msongamano wa Kimara saa kumi na mbili asubuhi akisubiri kiwiko cha jirani. Kipimo cha damu, mwanzoni karibu kila wiki. Dawa. Genge la Mama Neema kule Same limefungwa. Wageni nao wanakula.

Niliona haya kusema tena, baada ya watu kutoa vile. Nikajifanyia hesabu zangu, nikaruka kipimo kimoja cha damu ili kuokoa nauli. Kipimo kilichofuata kilionyesha damu yangu inaganda upesi kuliko inavyotakiwa, na muuguzi wa kliniki akaniuliza kwa upole unaouma kama ningependa kupooza upande wa kulia au wa kushoto. Valvu ya kaboni ikigandiwa na damu inaweza kukwama, au bonge linaweza kuchomoka likaenda kichwani.

Neema ndiye aliyempigia baba yake mdogo. Yule bwana, ambaye tangu siku hiyo namheshimu upya, hakuchangisha tena. Aliwafuata wale waliokuwa wameahidi na hawajatoa, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja: huyu bajaji ya siku za kliniki, yule vipimo vya mwezi, mwingine mkaa na sabuni. Nilishangaa. Watu walioshindwa kutoa laki moja kwa mkupuo walitoa elfu kumi kila mwezi bila kukumbushwa, na wengine waliendelea hata baada ya kuambiwa basi. Kamati yako ikiundwa, itenge fungu la mwaka wa kwanza baada ya kuruhusiwa kabla haijahesabu la upasuaji. Ikifika siku ya shangwe hakuna atakayekusikiliza.

4. Kazi za kuuguza hazigawiwi kwa cheo

Kikao cha familia kilinipangia wauguzi kama vile kinapanga baraza la mawaziri. Mwanangu wa kwanza, mhasibu, akapewa usimamizi wa dawa. Kaka yangu mzee wa kanisa akapewa maombi na wageni. Mkwe wangu, kwa kuwa huondoka nyumbani saa tatu, akapewa kuniogesha.

Naomba usinicheke. Mkwe ni mtu mwema na nyumba ni yake. Lakini mimi nivue nguo mbele ya mume wa binti yangu? Asubuhi ya kwanza nikasema sijisikii. Ya pili nikasema maji ni ya baridi. Yeye naye alikuwa anasimama mlangoni na taulo akiangalia dari, ana haya kuliko mimi. Tuliendelea na mchezo huo mpaka mjukuu wangu alipouliza mbele ya watu mbona babu ananuka hospitali.

Akaitwa Senkondo, mtoto wa dada yangu, dereva wa bodaboda pale Ubungo, ambaye kikao hakikumpa kazi yoyote kwa sababu sote tulimwona hajatulia. Kumbe alikuwa amemuuguza bibi yake upande wa baba hadi mwisho, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Aliweka kiti bafuni, akapima maji kwa kiwiko, akanisafisha kuzunguka kidonda kwa maji na sabuni ya kawaida, akakikausha kwa kugusagusa bila kusugua, akakataa katakata mafuta ya nazi aliyoyaleta shangazi. Muda wote alinisimulia usajili wa Simba na Yanga, nikasahau kwamba niko uchi.

Ratiba ya dawa ya mhasibu ilikuwa nzuri mno, yenye rangi, ndani ya kompyuta ambayo hakuna aliyeifungua. Aliyeifanya kazi ni Nuru, binti wa Neema, aliyekuwa darasa la nne. Alichukua daftari la shule akachora mistari: tarehe, uzito, dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, kipimo cha damu. Kila asubuhi kabla ya chai alinipandisha kwenye mzani. Tuliambiwa uzito ukipanda kilo moja kwa siku au mbili kwa wiki ni dalili ya maji kujaa mwilini, tupige simu. Siku moja ulipanda, Nuru akaona kabla yangu, tukapiga.

Kaeni kikao, ndiyo, ila muulizane nani amewahi kuuguza, na mgonjwa naye aulizwe anaweza kuguswa na nani.

5. Mfupa haujui kwamba wewe ni baba mwenye nyumba

Mfupa wa kifua hukatwa kwa msumeno kisha hufungwa kwa waya, nao unahitaji wiki 6 hadi 12 kushikana vizuri. Nilikuwa nimeelezwa: usinyanyue, usisukume, usivute, usijiinue kitandani kwa mikono, ukikohoa kumbatia mto. Maji yakakatika Kimara, ndoo ya lita 20 ikaachwa katikati ya korido, na mimi nikaona aibu wanawake wainyanyue wakati nipo. Hatua moja tu, nikajiambia. Maumivu yaliniweka kitandani siku kadhaa, ingawa waya zilishika. Hakuna aliyenigombeza. Neema alikaa chini sakafuni kando ya ile ndoo akalia, na ningependelea kugombezwa.

6. Mchicha haukukosea kitu

Dawa yangu inaitwa wafarini. Mjukuu wangu mkubwa aliisoma kwenye simu akaja mbio: "Babu, unameza sumu ya panya!" Nilimwambia aache uzushi. Haukuwa uzushi. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Utafiti ulioanzia hapo ulizaa wafarini, iliyouzwa kwa kuulia panya kuanzia mwaka 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya kupata shambulio la moyo. Mangi aliposikia alisema haishangazi, Mpare akiona sumu ni ya bei nafuu kuliko dawa atainunua.

Sumu au dawa, tofauti ni kipimo, na kipimo chake kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hii husoma karibu na 1. Mimi natakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kugandia valvu. Ikipanda, naweza kuvuja damu. Na vitamini K, iliyojaa kwenye mboga za majani, huishusha.

Niliposikia hilo nikapiga marufuku nyumba nzima. Mchicha, kisamvu, matembele, mnavu, vyote vikawa haramu nyumbani kwa Neema. Watoto wa watu wakala ugali kwa maharage wiki baada ya wiki kwa ajili ya moyo wa babu. Mimi nikafunga choo, kisha asubuhi moja nikaona damu kwenye mswaki. INR ilikuwa imepanda juu kabisa, maana dozi ilipangwa kwa mtu anayekula mboga na mimi nimezikata ghafla. Muuguzi yuleyule aliniuliza nani alinikataza mchicha. Nikasema nilijikataza. "Kula, Mwalimu," akasema, "ila kula kiasi kilekile wiki hii na wiki ijayo. Dawa tutaipanga kufuata chakula chako, usikipange chakula kufuata woga." Nikarudi kwenye sahani yangu, kijiko kikubwa kimoja cha mboga mchana, na makande Jumapili.

Hatari ya kweli iliingia na wageni. Kila aliyekuja alibeba kitu cha kumsaidia mgonjwa: unga wa mlonge, vitunguu saumu vilivyosagwa na asali, chupa ya mizizi isiyo na jina. Jirani mmoja, kwa huruma kabisa, alinipa diklofenaki za mgongo. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki pamoja na wafarini zinaweza kukutoboa tumbo ukavuja damu ndani kwa ndani. Hata antibayotiki za kawaida, metronidazoli na septrini kwa mfano, hupandisha INR. Sheria ikawa moja: chochote kinachomezwa kinapitia kwa Mama Neema, na yeye hupiga simu kliniki kabla hakijafika mdomoni kwangu. Na mgeni mwenye mafua alishukuriwa hukohuko mlangoni. Kaka yangu alisimamia sheria hiyo vizuri kuliko maombi. Kadi ya kliniki iko kwenye pochi yangu mpaka leo, na daktari wa meno huiona kabla hajaona jino, kwa sababu mwenye valvu bandia hupewa antibayotiki kwanza ndipo ang'olewe.

7. Utalia, na watu watadhani umeudhiwa

Nilijiandaa kwa maumivu ya kifua, na hayo yalivumilika. Mgongo na mabega ndiyo yaliyoniuma zaidi. Sikujiandaa kwa machozi. Nililia nikisikiliza taarifa ya habari. Nililia Nuru aliponipa chungwa. Usiku niliota ndoto za ajabu, nikasahau majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka minne, nikawakaripia watu walioniletea uji. Kaka yangu alishauri niongezewe maombi, mhasibu akadhani ni deni, Mama Neema akafikiri amenikosea.

Wagonjwa wenzangu kliniki ndio walionifungua macho. Pale kwenye benchi la kusubiri kipimo, dereva wa lori kutoka Tunduma, mtu mwenye shingo kama gogo, aliniambia bila kuulizwa kwamba yeye alilia akiangalia katuni na wajukuu. Benchi zima likacheka, kila mmoja akataja lake. Madaktari wanajua kwamba huzuni ni ya kawaida baada ya upasuaji wa moyo. Mimi nilihitaji kuisikia kwa dereva wa lori. Kwa wengi hupungua kadiri wiki zinavyopita. Isipopungua, au ukianza kuona afadhali usingeamka, hiyo nayo inatibiwa, itaje kliniki kama unavyotaja homa.

Kilichonisaidia zaidi kilikuwa kutembea. Senkondo alinitembeza hadi kwa muuza vocha, kisha hadi msikitini, kisha hadi kituoni. Kupanda kile kilima cha Kimara bila kumsalimia mtu yeyote kulinipa furaha ambayo bado naionea haya.

Na kuna mlio. Valvu ya kaboni hujifunga kwa sauti, kama mara 100,000 kwa siku, na chumba kikitulia inasikika. Niliporudi kazini, kabla sijastaafu, nilisimamia mtihani wa kidato cha nne wa majaribio. Ukimya ukatanda, kijana wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kuna mtu ameingia na saa inayopiga." Nikakagua darasa zima kwa ukali, dawati kwa dawati, mlio ukinifuata.

8. Anayekuuguza naye ana mwili

Hili ndilo ninaloona uchungu kuliandika. Siku moja kliniki, muuguzi akiwa ananipima shinikizo la damu, alimwambia Mama Neema kwa utani alete na mkono wake. Alimpima, akaacha kutabasamu, akampima tena. Mke wangu alikuwa na dawa zake za presha tangu kabla ya mimi kuugua. Zilikuwa zimekwisha kitambo. Hakununua nyingine kwa sababu pesa ilikuwa ya mgonjwa, na mgonjwa nilikuwa mimi.

Nililala naye chumba kimoja muda wote huo. Yeye aliihesabu mito yangu. Mimi sikuwahi kuangalia kama kopo lake la dawa lina kitu. Wakati huohuo nilikuwa namwamsha saa nane usiku anikune mgongo, na siku alipoomba kwenda mazoezi ya kwaya nilinuna, nikasema tu, "Haya, nenda," kwa ile sauti ambayo kila mke anajua maana yake ni usiende.

Nuru aliongeza safu kwenye daftari: dawa ya bibi. Mdogo wake Mama Neema akaja kutoka Mwanga kumpokea, na kila Jumamosi mke wangu akawa hana mgonjwa tangu asubuhi hadi jioni. Jumamosi ya kwanza alilala mchana kutwa. Nilikula ugali uliochomeka kidogo, nikafunga mdomo. Ukiwa na nguvu za kuomba maji, una nguvu za kumuuliza anayekuletea kama yeye amekula. Na kikao kinachompangia mgonjwa zamu kimpangie muuguzi mapumziko, kiyaandike, maana akiachiwa achague mwenyewe hatayachukua.

9. Koo la mtoto si jambo la kungoja Jumatatu

Homa ya rumatiki huwapata hasa watoto wa kati ya miaka 5 na 15, na mlango wake ni lile koo ambalo wazazi hulitibu kwa maji ya chumvi na kusubiri. Waliokwisha kuipata huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, isijirudie ikamalizia valvu. Mwaka 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili ugonjwa huu. Kwetu azimio lilipitishwa mezani kwa Neema, na mimi ndiye msimamizi, nasumbua kupita kiasi na sijali.

Mdogo wake Nuru aliamka Jumamosi moja na homa, koo jekundu, hawezi kumeza mate. Mama yake akasema tuone mpaka Jumatatu, mafua yanazunguka shuleni. Mkwe alinitazama, akaniona nimeshavaa viatu, akaenda kuita bajaji. Kituo cha afya walimwangalia koo, wakampapasa tezi za shingo, wakaandika antibayotiki za siku 10. Siku ya tatu alikuwa anacheza mpira na akataka kuziacha. Daftari likatolewa kabatini, likachorwa mistari mipya, akazimaliza zote.